Mchango wa Swali

Baba yangu alikuwa fundi cherehani Ngamiani, Tanga, na kwa zaidi ya miaka 30 aliandika vipimo vya wateja wake katika madaftari ya shule, kila mteja na ukurasa wake: bega, kifua, kiuno, urefu wa mkono. Matano kati ya madaftari hayo ninayo hapa Bristol, nilikohamia mwaka 2009. Ukiyapanga kwa miaka na kuyafungua moja baada ya jingine, utaona jambo ambalo hakuna mtu nyumbani kwetu aliyeliona wakati lilipokuwa likitokea. Katika daftari la mwaka 2009 tarakimu za Baba ni kubwa na zimesimama vizuri juu ya mstari. Katika la 2012 zinaanza vizuri kushoto, kisha zinasinyaa kadiri zinavyoelekea kulia. Katika la 2015 zimekuwa ndogo kiasi kwamba huwezi kutenganisha 33 na 38 bila kulisogeza daftari dirishani. Mashati yalianza kurudishwa dukani kwa sababu yalibana au yalipwaya, nasi tukadhani ni macho, tukamnunulia miwani.

Kulikuwa na dalili nyingine, na hizo pia tulizipa majina mengine. Siku moja aliacha pasi ya mkaa juu ya kanzu ya mteja. Moshi ulijaa duka zima hadi jirani akaingia mbio, ilhali Baba alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwenye pasi, amegeukia cherehani, na hakuwa amesikia harufu yoyote. Usiku alipiga mateke na kupaza sauti usingizini, Mama akahamia kitanda cha pili. Bega lake la kulia likakaza, na kwa karibu mwaka mzima alitibiwa bega hilo kwa sindano na dawa za kuchua, kwa fedha nilizotuma mimi na kaka yangu, bila mtu hata mmoja kuuliza kuhusu mwandiko, harufu wala usingizi. Mkono ulipoanza kutetemeka, baadhi ya watu walisema ni uzee, na wengine wakasema mambo ambayo Mama alikataa kuyasikia ndani ya nyumba yake. Mwaka 2016, huko Dar es Salaam, daktari bingwa wa mfumo wa fahamu alimtazama akitembea kutoka mlangoni hadi kwenye kiti, akaona mkono wa kulia haupungi, akampa kalamu aandike jina lake, kisha akautaja ugonjwa: Parkinson.

Ninaandika haya kuhusu fedha za utafiti, na nimeanza na madaftari ya Baba kwa sababu ndiyo yaliyonifanya nianze kuuliza. Ndani ya ubongo kuna chembe hai zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kuanzisha na kulainisha mwendo. Katika ugonjwa huu chembe hizo hufa kidogo kidogo, na mkono unapoanza kutetemeka sehemu kubwa yake huwa imekwisha kupotea. Kwa hiyo zile tarakimu zilizokuwa zikisinyaa, ile harufu ya kitambaa kinachoungua ambayo hakuisikia, na yale mateke ya usiku vilikuwa miaka ambayo tungeweza kufanya jambo, kama kungekuwa na jambo la kufanya. Halikuwapo. Hadi leo hakuna dawa iliyothibitishwa kwamba inazuia chembe hizo zisife.

Dawa aliyoandikiwa Baba ilikuwa levodopa, ambayo ikifika kwenye ubongo hugeuzwa kuwa dopamini. Baada ya wiki chache alinipigia simu ya video, akashika sindano mkono mmoja na uzi mkono mwingine, akatunga mbele yangu bila kusema neno. Nililia kwa furaha, na kwa muda wa miezi kadhaa niliamini kwamba tatizo limekwisha. Baadaye nguvu ya kidonge ikaanza kukatika kabla ya saa ya kidonge kinachofuata. Leo Baba anaigawa siku yake kwa vidonge: anajua kwamba akimeza asubuhi atapata kama saa mbili na nusu za mwili kumtii, na saa hizo hatumii kuzungumza na wageni, anashona.

Nilipokuwa nikitafuta dawa nyingine, niligundua kwamba hii hii anayoimeza ina historia ambayo ingefaa kila anayechangia utafiti aijue. Mwaka 1957 huko Sweden, Arvid Carlsson na wenzake waliwapa sungura dawa iliyowafanya walale bila kujongea, kisha wakawadunga levodopa, na sungura wakaamka na kutembea. Wakati huo wataalamu wengi hawakuamini kwamba dopamini ina kazi yoyote ya maana kwenye ubongo. Mwaka 1960, Oleh Hornykiewicz, akiwa Vienna, alionyesha kwamba katika ubongo wa watu waliofariki na ugonjwa wa Parkinson dopamini ilikuwa imepungua mno, na mwaka uliofuata yeye na Walther Birkmayer wakawajaribu wagonjwa kwa sindano ya levodopa. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1967 ndipo George Cotzias, Marekani, alipoonyesha kwamba dawa hiyo ikimezwa kwa kiwango kikubwa kinachopandishwa taratibu humsaidia mgonjwa kwa muda mrefu. Miaka kumi ilipita kutoka kwa sungura hadi kwa mgonjwa, na hakuna aliyewalipa watu wale mwanzoni ili watengeneze dawa ya fundi cherehani wa Tanga. Walilipwa ili wajibu swali. Zaidi ya miaka 50 baadaye levodopa bado ndiyo nguzo ya tiba ya ugonjwa huu duniani kote, jambo linaloonyesha ubora wa swali lile, na linaloonyesha pia jinsi maswali yaliyofuata yalivyokuwa magumu.

Kilichonisukuma nianze kuchangisha fedha kilitokea mwaka 2019, hapa hapa Bristol. Yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanyika katika hospitali ya Southmead, ambapo wagonjwa walitobolewa fuvu kwa msaada wa roboti na kuwekewa mirija myembamba hadi ndani kabisa ya ubongo, mirija iliyounganishwa na kifaa kidogo kilichojitokeza nyuma ya sikio. Kupitia hapo, kila baada ya wiki nne, walitiwa protini iitwayo GDNF, iliyotarajiwa kuzifufua chembe zinazokufa. Watu 35 waliingia katika hatua kuu ya jaribio. Baadhi yao walipata protini yenyewe na wengine maji yasiyo na dawa, na hakuna kati yao aliyeambiwa amepata nini. Picha za ubongo zilionyesha mabadiliko ya kutia moyo kwa waliopata protini. Lakini katika mwendo wa mwili, baada ya miezi tisa, tofauti kati ya makundi hayo mawili haikutosha kuthibitisha kwamba tiba inafanya kazi.

Nilisoma habari hiyo wakati wa mapumziko, katika nyumba ya kutunzia wazee ninakofanya kazi. Nilifikiria zaidi wale watu kuliko ile protini. Mtu anakubali kutobolewa kichwa huku akijua kwamba huenda anachotiwa ni maji matupu, ili tu swali lijibiwe. Kisha nikasoma kwamba sehemu kubwa ya gharama ilibebwa na Parkinson's UK, shirika la hisani lililoanzishwa mwaka 1969 na Mali Jenkins, mwanamke ambaye dada yake alikuwa na ugonjwa huu. Fedha za namna hiyo hutoka kwa watu wanaouza keki, wanaokimbia mbio, wanaoacha urithi. Nilijiambia kwamba sisi tunajua kuchanga kuliko watu wengi duniani. Tunachanga harusi, tunachanga misiba, tunachanga kumpeleka mgonjwa India. Kwa nini tusichange na hili?

Jumuiya yetu ya Waswahili hapa mjini ina kundi la simu na hukutana mara moja kwa mwezi katika ukumbi wa mtaa. Nilikaanga maandazi na sambusa, nikaandaa maelezo, nikasimama mbele yao. Walinisikiliza kwa adabu. Nilipomaliza, bibi mmoja mwenye asili ya Lamu, ambaye sote humwamkia kabla ya kuketi, aliniuliza:

"Mwanangu, mgonjwa ni nani?"

"Shikamoo, Bibi. Mgonjwa ni Baba, lakini fedha hizi haziendi kwa Baba."

"Marahaba. Basi zaenda kwa nani?"

Sikuwa na jibu zuri. Nilisema zinaenda kwa watafiti. Aliuliza kama watafiti hao ni maskini. Watu wakacheka kidogo, nami nikaona nafasi yangu inapotea. Mwishoni nilisema jambo ambalo sikuwa nimelipanga: kwamba fedha zinaenda kwa swali, na kwamba swali nalo, kama mgonjwa, hufa likikosa wa kulihudumia. Alinyamaza. Kisha akafungua pindo la leso yake, akatoa noti ya pauni kumi, akaiweka mezani karibu na sambusa. Siku hiyo tulipata pauni 214.

Nimechangisha kila mwaka tangu wakati huo, na nimetambua kwamba ugumu wa kazi hii haumo katika ukarimu wa watu. Mchango wetu umejengwa juu ya sura: tunamjua anayeumwa, tunamjua mweka hazina, tunajua siku ya safari, na baada ya hapo tunaletewa habari kwamba amepona au amefariki. Utafiti hauna sura, hauna siku ya safari, na habari zake huja baada ya miaka mitano zikiwa zimeandikwa kwa lugha ambayo hata muuguzi haielewi. Kwa hiyo nilijiwekea utaratibu: kila baada ya miezi mitatu niliandika ujumbe kwa kundi, kwa Kiswahili cha kawaida, nikieleza fedha zetu zimeingia wapi, swali gani linaulizwa na nani anashiriki. Nilikataa kutumia neno "tiba imepatikana" hata pale magazeti yalipolitumia, maana nilijua nitakuja kulilipia.

Ilinichukua muda pia kuelewa ni hatua gani ya utafiti inayokosa fedha. Serikali na vyuo vikuu hulipia kwa kiasi fulani sayansi ya mwanzo, ile ya maabara. Kampuni za dawa huja mwishoni, dawa inapokaribia kuuzika. Katikati pana korongo, na dawa nyingi zenye dalili njema huangukia humo kwa sababu hakuna anayetaka kulipia majaribio ya kwanza ambayo mengi yake hushindwa. Mashirika ya hisani hujaribu kujenga daraja hapo. Parkinson's UK, kwa mfano, tangu mwaka 2017 ina mpango maalumu wa kugharimia dawa zikiwa bado changa. Pauni 5,000 alizopewa mwanasayansi kijana ili apate matokeo ya awali zinaweza kumfungulia mlango wa ruzuku kubwa mara mia. Nilipolieleza hili kwenye kundi, mzee mmoja aliyekuwa mvuvi Pangani alisema ni kama chambo. Nimelitumia neno lake mara nyingi.

Kuna dawa ambazo hata mwishoni kampuni hazizikimbilii, nazo zinatuhusu sana. Sisi tuliokulia pwani tunaujua upupu, mmea ambao watoto watundu huwarushia wenzao vinyweleo vyake wawashwe mwili mzima. Mbegu za upupu zina levodopa, ile ile iliyomo katika vidonge vya Baba. Mwaka 2017 watafiti walichapisha jaribio walilofanya Bolivia kwa wagonjwa 18, wakilinganisha unga wa mbegu hizo na vidonge vya kawaida, na dozi moja ya unga ikaonekana kufanya kazi si haba. Habari hiyo ilipomfikia shangazi yangu, alitaka kumtwangia Baba upupu siku hiyo hiyo, nami nilimzuia kwa nguvu zote, kwa sababu kiasi cha dawa katika mbegu hubadilika, na Baba tayari anameza levodopa, akizidishiwa ataumia. Lakini swali la shangazi lilikuwa la haki. Mmea unaoota kando ya njia hauwezi kuwekewa hataza ili kampuni moja iuze peke yake, kwa hiyo hakuna kampuni yenye hamu ya kulipia majaribio marefu ya usalama wake. Kama fedha za umma na za hisani hazitalipia swali hilo, litabaki mikononi mwa mashangazi.

Mwaka 2021 shirika moja la hisani lilinikubali niwe miongoni mwa wasomaji wa maombi ya ruzuku wasio wanasayansi. Tunatumiwa muhtasari wa kila ombi, tunatoa maoni kama watu wanaoishi na ugonjwa au wanaomtunza mgonjwa, na maoni yetu huwekwa mezani pamoja na ya wataalamu. Nilidhani nitakuwa pambo. Katika ombi la tatu nililosoma, watafiti walitaka washiriki wafike hospitalini saa mbili asubuhi wakiwa hawajameza dawa tangu jioni iliyopita, ili mwendo wao upimwe bila msaada wa dawa. Kisayansi ni utaratibu wa kawaida. Lakini mimi nilimwona Baba saa kumi na mbili asubuhi kabla ya kidonge: Mama anamgeuza kitandani kwa shuka, anamvuta mikono yote miwili ili aketi, anamfunga vifungo vya shati moja baada ya kingine, na kutoka kitandani hadi mlangoni miguu yake inaganda mara mbili kana kwamba sakafu imeikamata. Niliandika: nani atamvisha mshiriki? Nani ataendesha gari? Mtu anayeishi peke yake ataweza kushiriki? Watafiti walijibu kwa kuongeza kwenye bajeti gharama za teksi na za kulala karibu na hospitali. Nimesoma maombi mengi tangu wakati ule, na kila nionapo bajeti isiyo na fungu la namna hiyo najua jaribio litapata washiriki wenye nguvu na wenye wake au waume wenye nafasi, na matokeo yake yatakuwa ya watu hao tu.

Siku niliyoiogopa ilifika mwezi Februari 2025. Moja kati ya majaribio niliyokuwa nimewaeleza watu kwa miaka mitatu, na ambalo lilifadhiliwa kwa sehemu na fedha za hisani, lilihusu eksenataidi, dawa ya ugonjwa wa sukari inayodungwa mara moja kwa wiki. Mwaka 2017 watafiti wa chuo kikuu cha UCL, London, wakiongozwa na Tom Foltynie, waliijaribu kwa watu 62, na waliodungwa dawa walionekana kuwa na nafuu ya mwendo kuliko waliopata sindano bandia. Jumuiya yetu iliipenda habari ile, kwa kuwa karibu kila familia ina mtu mwenye sukari, na dawa ya sukari si kitu cha kutisha. Jaribio kubwa lilifuata, la watu 194 kwa wiki 96. Matokeo yalipochapishwa hayakuonyesha faida yoyote. Waliopata dawa na waliopata sindano bandia walidhoofika sawasawa.

Nilikaa na simu mkononi kuanzia magharibi hadi karibu saa tano usiku kabla ya kuandika. Niliandika ukweli wote bila kuupaka asali: kwamba jibu ni hapana, kwamba jaribio lilifanywa vizuri, na kwamba sitaki mtu yeyote ajisikie amedanganywa. Mweka hazina wetu alijibu kwanza: "Kwa hiyo tumechangia hewa?" Sikuweza kumlaumu. Watu wawili wakaondoka kwenye kundi bila neno. Asubuhi nikakuta ujumbe wa sauti wa yule bibi wa Lamu, ambaye huwa haandiki kwa sababu ya macho. Aliuliza: "Nikimpeleka mtoto hospitali, akapimwa malaria, akaonekana hana, pesa ya kipimo imepotea?" Hakuongeza jambo jingine. Nimeusikiliza ujumbe huo mara nyingi, na mwezi uliofuata michango ilikuwa midogo kuliko kawaida lakini ilikuwapo.

Kuna jambo moja ambalo nilikuwa nimelikwepa kwa miaka yote hiyo, nalo ni kwamba fedha zetu zilikuwa zikilipia maswali ambayo majibu yake hayakuwa na hakika ya kumfikia Baba. Zaidi ya watu milioni 8.5 walikuwa wakiishi na ugonjwa huu mwaka 2019 kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, na sayansi yake imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya damu, picha na jeni za watu wenye asili ya Ulaya. Nilipotafuta habari za Tanzania nilipata utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliofanyika wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Watu walipita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye wakazi 161,071, wakiuliza maswali machache kuhusu mtetemeko na mwendo, kisha waliotiliwa shaka wakapimwa na daktari. Walipatikana wagonjwa 33, na asilimia 78 kati yao hawakuwa wamewahi kuambiwa na yeyote kwamba wana ugonjwa huu. Nilisoma namba hiyo na kufikiria bega la Baba lililokuwa likidungwa sindano. Kuhesabu watu hakuonekani kama kutafuta tiba mpya, na mtu anayechangisha fedha angeona ni jambo gumu kulitetea mbele ya ukumbi. Lakini mgonjwa ambaye hajahesabiwa hatashiriki jaribio lolote, na hataandikiwa dawa ile siku ikipatikana.

Mwezi Agosti 2023, kabla ya yale matokeo ya eksenataidi, zilikuja habari kutoka Nigeria. Kundi la watafiti, miongoni mwao Njideka Okubadejo wa Chuo Kikuu cha Lagos na Mie Rizig wa UCL, walichunguza jeni za watu karibu 198,000 wenye asili ya Afrika, wagonjwa wakiwa 1,488, na wakapata badiliko katika jeni iitwayo GBA1 ambalo karibu halipo kabisa kwa Wazungu. Mwenye nakala moja ya badiliko hilo ana hatari ya kupata ugonjwa mara moja na nusu hivi kuliko asiye nalo, na mwenye nakala mbili karibu mara tatu na nusu. Jeni hiyo hutengeneza kimeng'enya kinachosafisha taka ndani ya chembe, na badiliko hupunguza kazi yake. Ndipo nilipokumbuka dawa ya kikohozi iitwayo ambroksoli, ambayo nilikuwa nimeisoma katika habari za majaribio: inachunguzwa kwa sababu inakiongezea nguvu kimeng'enya hicho hicho, na mwaka 2025 jaribio lake kubwa la watu 330 kwa miaka miwili limeanzishwa Uingereza chini ya Anthony Schapira wa UCL. Hakuna anayejua jibu lake litakuwa nini, na nimewaonya watu wa kundi wasikimbilie duka la dawa, kwa kuwa kiwango kinachojaribiwa ni kikubwa sana kuliko cha kikohozi. Ila kwa mara ya kwanza niliweza kusimama ukumbini na kusema kwamba swali linaloulizwa London limeunganishwa na jibu lililotoka Lagos, na kwamba jibu la Lagos lilipatikana kwa sababu kuna mtu alilipia mirija, friji, umeme wa friji na nauli za wauguzi.

Tangu hapo tumegawa mchango wetu. Nusu inabaki kwenye majaribio ya dawa hapa Uingereza, na nusu tumeomba iende kwenye kazi inayofanyika Afrika, ambako sasa kuna mradi unaofadhiliwa na serikali ya Uingereza unaozihusisha nchi saba, Tanzania na Kenya zikiwamo. Kulikuwa na ubishi mkali kabla ya kukubaliana. Baadhi walisema nusu ya Afrika ni ndogo mno, na kwa maoni yangu wana haki.

Mwaka jana watafiti waliomba wagonjwa wa Tanga wenye ridhaa watoe mate kwa ajili ya uchunguzi wa jeni. Kaka yangu alimpeleka Baba kwa bajaji, wakachagua saa ambayo kidonge kingekuwa kimekolea, lakini foleni ikawa ndefu na kidonge kikakatika wakiwa bado kwenye benchi. Msichana aliyeshika fomu ya ridhaa alimsomea kila kipengele, akamwuliza kama ameelewa kwamba uchunguzi huu hautamletea yeye nafuu yoyote. Baba alisema ameelewa, na kwamba mteja pia hulipa kabla ya nguo kushonwa. Msichana, alipoona mkono unavyotetemeka, akamsogezea kidau cha wino ili aweke dole gumba. Baba alikataa. Kaka yangu anasema alishika kalamu kwa mkono wa kulia, akaubana kwa wa kushoto, akaandika majina yake yote matatu, na watu wa nyuma kwenye foleni wakangoja. Alinitumia picha ya fomu ile. Jina la kwanza linasomeka vizuri; la tatu ni dogo kama zile tarakimu za daftari la 2015, na limeishia ndani ya kisanduku.